Weka Koleo Chini, Mdogo Wangu

Barua ya leo imetoka Isiolo. Imeandikwa na binti ambaye mjomba wake alinunua ndege ndogo ya viti viwili ikiwa vipande ndani ya masanduku, akaiunganisha mwenyewe hadi ikaruka. Mjomba ndiye rubani. Binti ndiye anayeiosha, anayejaza mafuta na kukagua upepo wa magurudumu. Anasema kifuniko cha tangi la bawa la kushoto kimekaza kiasi kwamba anakiinua kwa koleo, na baada ya mvua ya juzi, alipotoa petroli kidogo chini ya tangi hilo, aliona maji ndani ya chupa. Jirani mmoja amemshauri apake mafuta ya kupikia, mwingine Vaseline. Mjomba amemwambia asihangaike na jambo dogo.

Mdogo wangu, si jambo dogo, na nimefurahi kwamba uliangalia chupa hiyo. Weka koleo chini kwanza, kisha tuongee.

Kifuniko cha tangi la gari kinaziba tu. Cha ndege kinaishi mahali pagumu zaidi, juu ya bawa, na juu ya bawa ndipo shinikizo la hewa linapopungua ndege ikiruka. Ndiyo maana bawa linainuka. Nguvu hiyohiyo inakivuta kifuniko juu saa zote za safari. Kikiwa hakijakaa vizuri, petroli hunyonywa nje na kutawanyika nyuma ya bawa, na rubani hawezi kuiona akiwa kitini. Anachokiona ni geji inayoshuka, kama geji yenyewe ni ya kuaminika. Ukitumia avgas, ambayo ina rangi ya buluu, tazama bawa mkishatua: mstari wa buluu unaoanzia kwenye kifuniko kuelekea nyuma unakwambia kwamba oringi, yaani pete ya mpira ya kifuniko, haishiki. Usiufute kabla hujamwonyesha mjomba.

Hilo ni la mafuta kutoka. La maji kuingia ndilo lililokupata wewe. Kwa jinsi ulivyoeleza, vifuniko vyenu vimezama kwenye bawa, vinakaa sawa na bati, na katikati vina kisahani chenye ulimi wa kuinua. Umbo hilo linapendwa kwa sababu halisumbui upepo. Utalikuta hata kwenye ndege za kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, ambazo zaidi ya 10,000 zimejengwa na watu binafsi na kuruka. Lakini kisahani ni kisahani: mvua ikinyesha, maji yanakaa humo. Kinachoyazuia yasiingie kwenye tangi ni pete mbili za mpira tu, na pete hizo zikikauka, hakuna kinachoyazuia.

Hili halikuanza na ndege za kujengewa nyumbani. Mwaka 1984 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo namba 84-10-01 kwa ndege kadhaa za Cessna zenye matangi ya mpira, ikitaka vifuniko vikaguliwe na matangi yatazamwe mikunjo inayonasa maji, kwa sababu maji yalikuwa yakiingia na kuzima injini. Baadaye vifuniko vilivyoinuka, vinavyofunika mdomo wa tangi kwa juu kama mwavuli, vilichukua nafasi ya vile vilivyozama kwenye ndege nyingi za aina hiyo. Wewe hutabadilisha bawa la mjomba, basi kazi yako ni kuhakikisha pete ziko hai.

Nieleze kwa nini Isiolo inazichosha haraka. Mko karibu kabisa na ikweta, jua linapiga bawa moja kwa moja, na upepo unabeba vumbi laini linaloingia kila mahali. Mpira wa naitraili, ambao ndio hutumika sana kwenye oringi za petroli, hauogopi mafuta lakini unaogopa jua na ukavu. Ndege ikikaa nje wiki mbili bila kufunguliwa, pete inaanza kushikamana na chuma, na siku utakapotaka kuifungua ndipo unapokimbilia koleo.

Halafu kuna joto lenyewe. Petroli hupanuka kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Tangi la lita 70 ulilolijaza pomoni alfajiri, likipata joto la nyuzi 20 zaidi kufikia adhuhuri, linatafuta nafasi ya lita 1.4 hivi ambayo haipo. Petroli iliyozidi itatokea kwenye bomba la hewa au pembeni mwa kifuniko. Jioni mambo yanageuka: petroli inapoa, inanywea, tangi linavuta hewa kutoka nje. Kama njia yake halali ya hewa imeziba, litavuta popote penye upenyo. Sasa fikiria mvua ya saa kumi na moja imejaza kisahani, jua linazama, tangi linapoa, na oringi ndogo ya katikati imekauka. Maji hayadondoki ndani kwa bahati mbaya, tangi linayanywa. Huenda hivyo ndivyo maji yalivyofika kwenye chupa yako.

Turudi kwenye ushauri wa majirani. Mafuta ya kupikia acha kabisa. Yanaganda, yanachacha, yananasa vumbi na kualika sisimizi. Vaseline haitaidhuru naitraili, lakini petroli huiyeyusha, kwa hiyo ukishajaza tangi mara chache pete inabaki kavu kama awali, nawe unadhani umeipaka. Dawa za kupuliza kama WD-40 hufungua kitu kilichokwama kisha huyeyuka hewani, tena huosha grisi nzuri iliyokuwepo. Za silikoni zikipulizwa juu ya bawa zitawasumbua siku ya kupaka rangi, kwa sababu rangi haishiki pale silikoni ilipofika.

Unachohitaji ni grisi isiyoyeyuka kwenye petroli. Mafundi wa ndege wamezoea kuiita Fuel Lube, na siku hizi huuzwa zaidi kwa jina la EZ Turn. Kiwango chake kinaandikwa MIL-G-6032. Ni nzito na inanata vidoleni. Mkiagiza vipuri vyenu uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ulizeni hiyo kwa jina na kwa namba, msikubali mtu awawekee grisi ya bearingi akisema ni ileile. Mrija mmoja utawafaa muda mrefu sana, maana kinachotakiwa kwa pete nzima ni kiasi cha punje ya mchele.

Hapo kwenye kiasi naomba unisikilize vizuri. Sifa ya grisi hii ni kwamba petroli haiiyeyushi, na sifa hiyo ndiyo inayoifanya iwe hatari ukiipakaza kwa wingi. Donge likianguka ndani ya tangi litabaki donge. Litatembea hadi kwenye kichujio cha mlango wa tangi na kukaa hapo, likisubiri wenzake. Paka, kisha pitisha kidole kisicho na kitu uondoe kilichozidi, hadi pete ing'ae tu.

Kazi yenyewe fanyeni asubuhi, ndege ikiwa kivulini, hakuna jiko, sigara wala simu inayochajiwa karibu. Futa vumbi lote kuzunguka kifuniko kabla ya kukigusa, kwa sababu ukikifungua vumbi lina njia moja tu. Ukishakitoa, ziba mdomo wa tangi kwa kifuniko cha akiba au kipande safi cha plastiki kilichobandikwa kwa utepe. Usichomeke kitambaa. Nyuzi zake huanguka, na kitambaa chenyewe kimewahi kusahaulika ndani ya matangi ya watu makini kuliko sisi.

Mezani, tazama oringi kubwa ya pembeni. Itoe kwa kijiti cha mbao au plastiki; bisibisi itakwaruza mfereji wake, na mkwaruzo huo utavuja hata ukiweka pete mpya. Ikunje taratibu mbele ya mwanga. Ikionyesha nyufa ndogo, au imekuwa bapa upande uliokuwa ukibanwa, au imekakamaa, usiipake, itupe. Kisha itafute ile ndogo, iliyo kwenye mhimili wa katikati, chini ya ulimi. Watu wengi hubadilisha kubwa wakaisahau ndogo kwa sababu kuifikia ni lazima ufungue nati ya chini na kuutoa mhimili. Mdogo wangu, maji yanakaa juu ya hiyo ndogo. Ukibadilisha moja tu mwaka huu, badilisha hiyo.

Pete mpya inunuliwe kwa namba iliyo kwenye kitabu cha ndege. Usiende dukani mjini na ya zamani mfukoni ukatafuta inayofanana kwa macho. Pete nyingi za mabomba ya maji ni za mpira wa EPDM, ambao ni mzuri sana kwa maji lakini ukikutana na petroli unavimba na kulegea. Ikivimba ndani ya mfereji utarudi kwenye koleo lako, na safari hii kifuniko hakitatoka. Petroli iliyochanganywa ethanoli nayo huvimbisha aina fulani za mpira. Wanaotumia mafuta hayo wengi huchagua pete za fluorosilikoni, ambazo ni ghali zaidi na hudumu zaidi.

Safisha mfereji kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa petroli kidogo, paka ile punje ya mchele, rudisha pete bila kuisokota, weka tone dogo kwenye egemeo la ulimi na kwenye mhimili. Funga. Ulimi unatakiwa ulale kwa kusukumwa na kidole gumba, ukihisi unakataa kidogo kisha unakubali. Ukilala bila ubishi, kifuniko hakikandamizi chochote. Ukikataa kabisa, tatizo ni nati ya chini, iliyokazwa kupita kiasi: ilegeze sehemu ya sita ya mzunguko, jaribu, kama bado ilegeze tena kiasi kilekile. Nati hizo huwa na pete ya nailoni ndani ya kuzizuia zisilegee zenyewe. Ukiweza kuizungusha kwa vidole vitupu, imechoka, wekeni mpya. Na sasa unaona kwa nini nilichukia koleo. Koleo linapinda ulimi, na ulimi uliopinda haulali sawa na bawa. Upepo unapata mahali pa kushika.

Jaribio ni rahisi. Kifuniko kikiwa kimefungwa, mimina maji safi kwenye kisahani, uyaache nusu saa ukifanya kazi nyingine. Kisha tazama kama kiwango kimeshuka, yafyonze yaliyobaki kwa kitambaa kabla hujafungua, halafu utoe petroli chini ya tangi na kuichunguza. Fanyeni hivyo mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Septemba, kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, na katikati ya hapo kila mnapobadilisha oili ya injini.

Kuna jambo moja ambalo lazima ulijue kabla hujagusa kifuniko cha ndege nyingine yoyote. Vifuniko vyenu, nadhani, vimeziba kabisa, na tangi linapumua kupitia bomba jembamba linalotokea chini ya tumbo la ndege. Si ndege zote ziko hivyo. Kwenye Piper Super Cub, ndege ambazo askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori wamezitumia kulinda mbuga zetu, na kwenye ndege nyingi nyepesi za kujengwa nyumbani, kifuniko chenyewe kina tundu la hewa. Ukimpakia grisi mwenye tundu kama unavyompakia asiye nalo, unamziba pua. Petroli inatoka kwenda kwenye injini, hewa haiingii kushika nafasi yake, mvuto unaongezeka ndani ya tangi hadi petroli inagoma kushuka. Injini inazima na tangi lina mafuta.

Ubaya wake ni kwamba haizimi mara moja. Inawaka vizuri, mnapaa vizuri, tatizo linakuja mkiwa mmeshafika mbali. Na mkitua salama, mtu akifungua kifuniko kutazama mafuta, hewa inaingia, injini inawaka tena, kila mtu anasema haikuwa kitu. Ukiwahi kusikia hewa ikiingia kwa nguvu unapofungua kifuniko baada ya safari, usimruhusu mtu yeyote apae hadi njia ya hewa ipatikane. Nyigu wa udongo ndio mara nyingi wanaohusika. Bomba jembamba lenye kivuli ni nyumba nzuri kwao, na hawahitaji siku nyingi. Piteni na tochi kila asubuhi, na ndege ikilala wekeni kizibo chenye utepe mwekundu mrefu usioweza kusahaulika.

Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kuwatafutia wawindaji tembo kwa ndege hapa Kenya, aliondoka Abingdon, Uingereza, Septemba 1936, akavuka Atlantiki peke yake kuelekea magharibi kwa ndege ya Percival Vega Gull. Alipokaribia Kanada injini ilikosa mafuta ingawa tangi halikuwa tupu. Barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi. Aliangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, akatoka akiwa hai. Kwenu barafu si hoja. Udongo wa nyigu na grisi iliyozidi vinafanya kazi ileile.

Nakuambia hayo pia kwa sababu ya mahali mnaporukia. Kutoka Isiolo kwenda Samburu, Shaba au upande wa Lewa, ndege ndogo nyingi huruka chini, watu wakitafuta mifugo iliyopotea au kuhesabu tembo. Chini hivyo, injini ikikohoa, rubani hana dakika za kufikiri. Ana sekunde za kuchagua kichaka.

Kuhusu chupa ya kukagulia, mambo mawili. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini na utauona mpaka kati yao. Lakini chupa ikijaa maji matupu hakuna mpaka wowote, na mtu mwenye haraka anaona kitu safi, anafurahi. Inuse, tazama rangi, na ukiwa na shaka mimina humo petroli unayoijua: ikielea juu, umepata jibu. Toa tena na tena hadi itoke petroli tupu, kisha tikisa mabawa taratibu, subiri, utoe mara nyingine. Maji hupenda kujificha kwenye kona.

Na kama mnatumia petroli ya gari, ambayo injini kama Rotax 912 zinaikubali, kifuniko kizuri hakitawasaidia kama maji yanaingia kwa jerikeni. Jerikeni iwe ya kazi hiyo tu, faneli iwe na kichujio cha kuzuia maji, na nunueni kwenye kituo chenye wateja wengi. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili uchakachuaji huo usiwe na faida tena. Kumbuka pia kuunganisha ndege na chombo cha mafuta kwa waya kabla ya kumimina, hewa ya kwenu ni kavu na cheche haiombi ruhusa.

Sasa mjomba. Najua ugumu wa kumwambia mtu mzima, aliyeunganisha ndege kwa mikono yake, kwamba ina kasoro. Usimwambie mbele ya wageni wala akiwa ameshavaa miwani ya jua na funguo ziko mkononi. Mngojee jioni ametulia, mwamkie, mpelekee chupa ile yenye maji pamoja na oringi uliyoitoa, na umwombe akufundishe namna ya kuutoa mhimili wa kifuniko. Mtu anayejenga ndege anapenda kufundisha. Akishaishika pete hiyo hutahitaji kueleza zaidi. Mkimaliza, andikeni kazi hiyo kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege, tarehe na kilichobadilishwa, na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya anga ya Kenya, KCAA, anayewakagulia aione.

Kama atacheka na kusema twende tu, na chupa ya asubuhi hiyo bado ina maji, usipande. Sema kwa adabu, "Mjomba, leo sipandi hadi petroli itoke safi," kisha ukae kwenye kiti chini ya bawa. Hakuna heshima inayokudai uingie kwenye ndege hiyo. Na ukiona anataka kupaa peke yake, mpigie fundi wenu simu kabla injini haijawashwa, hata akikasirika wiki nzima. Niandikie uniambie mmefika wapi, na unitumie picha ya ile oringi ndogo.